Mama Alipotaka Kurudi Mahagi



Kila jioni, jua lilipoanza kushuka nyuma ya mabati ya mtaa wetu, Mama alijifunga kikwembe chake vizuri, akachukua kikapu kitupu, akatuambia kwa upole: "Sasa mnisindikize, nirudi nyumbani." Nyumbani kwake palikuwa hapo hapo. Alikuwa ameishi Bunia, katika nyumba ile ile, kwa zaidi ya miaka arobaini. Lakini nyumbani alikokuwa akikutaja kulikuwa Mahagi, kwa baba yake mzazi, ambaye alifariki kabla mkubwa wetu hajazaliwa.

Tunaandika "sisi" kwa makusudi. Tumezaliwa watano. Dada yetu mkubwa, aliye mjane, ndiye aliyebaki na Mama. Wa pili ni mwalimu na katekista, anayeshika kalamu hii. Wa tatu yuko Kisangani, wa nne Kampala, na wa mwisho alikwenda Ubelgiji akiwa kijana kama ninyi. Mambo tutakayosimulia, mabaya na mema, hayakufanywa na mtu mmoja, na hatuoni haki kumtwika mmoja wetu aibu au sifa iliyo ya wote.

Mama hakusoma. Aliuza samaki sokoni, samaki waliotoka Ziwa Albert, na hesabu zake zote zilikuwa kichwani. Alijua nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini, na ni nani aliyefiwa wiki hiyo kiasi kwamba asidaiwe. Kwa hesabu hizo za kichwani tulisomeshwa sote. Kwa hiyo siku alipomrudishia mteja chenji mara mbili, tulicheka. Alipotia chumvi mara tatu katika maharagwe, tulisema ni uchovu. Alipomshtaki jirani yake wa miaka mingi kwamba amemwibia fedha, kisha dada yetu akazikuta fedha hizo ndani ya mfuko wa unga, hatukucheka tena, lakini pia hatukufikiri. Tulikasirika.

Hapo likaingia kosa letu la kwanza. Kwa kuwa baadhi yetu tuna mazoea ya ualimu, tulimfanya Mama kuwa mwanafunzi. "Mama, leo ni siku gani? Mama, huyu mjukuu anaitwa nani? Umekula nini asubuhi?" Alipokosa tulimsahihisha, na siku iliyofuata tulimwuliza tena, kana kwamba kumbukumbu ni somo linaloingia kwa kurudiwa. Ilifika wakati alipotuona tukiingia mlangoni akaanza kutetemeka midomo. Mtu aliyetulipia ada ya shule kwa samaki, sisi tulimfundisha kuogopa sauti zetu.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, na tunaliandika ili vijana wa parokia zetu walisome. Mtaani maneno yalianza. Mwanamke mzee anayetembea usiku, anayezungumza peke yake, anayewaita wafu kwa majina yao: katika mji wetu maneno hayo yana njia moja tu ya kwenda. Mtu mmoja anayejiita mwonaji alitutumia habari kwamba Mama "anatoka usiku", na kwamba yuko tayari kuja kumwombea kwa malipo. Ndugu yetu mmoja, kutoka mbali, alituma ujumbe wa sauti: "Je, hamwoni kwamba kuna jambo?" Hatukumjibu ndiyo, lakini pia hatukumjibu hapana. Kwa majuma kadhaa tulikaa katika ukimya huo mchafu, watu waliobatizwa, wengine wetu tukifundisha wengine katekisimu.

Tungepaswa kukumbuka. Katikati ya mwaka 2001, katika wilaya ya Aru, hapa hapa Ituri, mamia ya watu waliuawa na majirani zao wakishtakiwa kuwa wachawi. Wazazi wenu wanaifahamu habari hiyo, ijapokuwa hawapendi kuisimulia. Hatuwezi kujua ni wangapi kati ya waliouawa walikuwa wazee ambao akili zao zilikuwa zimeanza kuchoka. Lakini tangu ugonjwa ulipoingia nyumbani mwetu, swali hilo halituachi.

Tuseme sasa juu ya simu. Wakati huo simu zilikuwepo nyumbani kwetu, tena nyingi. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la familia. Aliye Ubelgiji alituma fedha, na fedha zilifika kwa simu siku ile ile. Kwa hilo tumshukuru. Aliye Kampala alituma mashauri. Aliye Kisangani aliuliza kwa nini Mama amekonda. Mwalimu, anayeishi mtaa wa pili, alipita siku ya Dominika baada ya Misa, akakaa nusu saa, akaandika katika kundi: "Mama hajambo." Dada yetu alisoma yote, na mara nyingi hakuandika kitu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Sisi tulioubeba kwa simu tuliuona mwepesi. Aliyeubeba kwa mikono aliamka mara nne au tano usiku, alifua mashuka asubuhi, alitukanwa mchana na mzazi asiyemtambua tena, na alipokwenda kuchota maji alimfungia Mama ndani kwa kufuli. Hilo la kufuli hatukulijua. Hakuna aliyemwuliza swali ambalo jibu lake lingekuwa hilo.

Kisha ikaja jioni moja ya msimu wa mvua. Dada yetu alipitiwa na usingizi akiwa ameketi. Alipozinduka, mlango ulikuwa wazi na kikapu hakikuwepo.

Mnaujua mji wetu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na usiku wa Bunia si wa kutembeatembea. Barabara ya Mahagi inapitia Djugu, ambako watu wengi wamekimbia vijiji vyao. Mtu akifika penye kizuizi usiku akaulizwa "Nani huyo?", ni lazima ajibu vizuri. Mama hakuwa na uwezo wa kujibu vizuri. Angetaja jina la baba yake na kusema anakwenda nyumbani.

Tulitafuta kwa miguu na kwa pikipiki. Mvua ilinyesha. Tulipita penye milango ya majirani, na baadhi yao walitufungulia nusu.

Wakati huo huo, bila sisi kujua, simu mbili zilikuwa zikifanya kazi. Kijana mmoja, kando ya barabara, alimwona mwanamke mzee aliyelowa, kikwembe kimemponyoka mabegani, akizungumza na watu wasioonekana. Akampiga picha za video. Akaandika chini yake maneno matatu tusiyotaka kuyarudia, moja likiwa "mchawi", akaisambaza. Video ile ilipita kutoka kundi hadi kundi, na watu wakaanza kukusanyika mahali pale, na si kwa nia ya kumfunika.

Ndani ya saa hiyo hiyo video ilimfikia msichana mmoja wa kwaya. Naye angeweza kuituma mbele. Kidole kimoja kingetosha. Alitazama tena, akamtambua Mama aliyekuwa akimpa samaki mmoja wa nyongeza alipokuwa mtoto. Hakuituma. Alimpigia simu dada yetu, kisha akampigia jirani yake mwenye pikipiki aliyekuwa karibu na mahali pale. Motari huyo alimfikia Mama kabla yetu. Alivua koti lake la mvua akamfunika, akawaambia watu waliokusanyika: "Huyu ni mama yangu." Lilikuwa neno la uongo, na hatujawahi kusikia la kweli kuliko hilo. Alimketisha karibu na askari wa kizuizi, mmoja wao akampa maji, na hapo tulimkuta. Alitusalimu kama wageni, akatuuliza kama tunakwenda Mahagi.

Usiku ule, Mama alipokwisha kulala, dada yetu alitueleza habari ya kufuli. Alisema mambo mengine pia. Kwamba mara mbili alikuwa amempiga Mama kofi, kisha akalia hadi asubuhi. Kwamba alimwomba Mungu amchukue mmoja wao, na hakujali ni yupi. Na mwishowe alisema: "Mlikuwa mnaniuliza Mama amelalaje. Hakuna aliyeniuliza mimi nimelalaje."

Tulikwenda hospitali. Daktari alitumia neno la Kifaransa, démence, nalo lilituogopesha, maana masikioni mwetu lilifanana na wazimu. Akatufafanulia kwa subira kwamba si wazimu, si laana, wala si uzee wenyewe. Kwa Kiswahili wengi huita dimensia. Ni hali inayoletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo taratibu, na lililo kubwa kati yao linabeba jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyelieleza kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake mwaka 1906. Ugonjwa huo peke yake ni asilimia 60 hadi 70 ya dimensia zote. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kama yetu. Dawa ya kuiponya haijapatikana. Lakini daktari alipima kwanza mambo mengine yanayoweza kuvuruga akili ya mzee na yenye matibabu: malaria, maambukizo ya njia ya mkojo, upungufu wa damu, dawa zilizochanganywa ovyo. Vijana, mshike hilo: mzee akibadilika ghafla, kwa siku mbili au tatu, apelekwe hospitali, asipelekwe kwa mwonaji.

Tulijifunza pia kwamba kuna namna ya kumwuliza mzee maswali bila kumdhalilisha. Katika wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro huko Tanzania, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kwamba kati ya kila 100, sita hivi wana dimensia. Wengi wa wazee hao hawakupitia shule, kwa hiyo vipimo vya Ulaya vinavyodai kusoma na kuandika havikuwafaa. Wakatengeneza kipimo kifupi kinachouliza mambo ambayo mtu yeyote aliyeishi huyajua: daraja ni kitu gani? Taja wanyama wengi uwezavyo. Panga njiti za kiberiti kama hivi nilivyozipanga mimi. Baadaye kipimo hicho kikawekwa katika programu ya simu, ili mhudumu wa afya wa kijijini, asiye daktari bingwa, aweze kukitumia. Tuliposoma habari hiyo tuliona aibu. Mitihani yetu ya mdomo haikuwa kipimo wala dawa; ilikuwa adhabu. Kupima ni kazi ya mhudumu aliyefundishwa, mara moja kwa wakati wake. Nyumbani, mzee hahitaji kuulizwa leo ni siku gani. Anahitaji kuambiwa: "Mama, leo ni Jumatano, jua ni zuri, twende tukakae nje."

Aliyetusomea mambo hayo ni binti yetu, mwanafunzi wa uuguzi. Yeye ndiye aliyegeuza matumizi ya simu nyumbani kwetu. Alipata kitabu cha Shirika la Afya Duniani kiitwacho iSupport, kilichotolewa mwaka 2019 kwa ajili ya watu wanaowatunza wagonjwa wa dimensia nyumbani. Kina sehemu tano: kuielewa dimensia, kuwa mtunzaji, mtunzaji kujitunza mwenyewe, huduma za kila siku, na namna ya kukabili tabia zinazobadilika. Mwaka 2021 shirika hilo, pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, lilitoa pia mwongozo kwa serikali zinazotaka kuwatumia watunzaji mafundisho kama hayo kwa ujumbe mfupi wa simu. Binti yetu alisoma kitabu kwa Kiingereza cha kamusi. Kila jioni alirekodi dakika mbili au tatu za sauti, kwa Kiswahili chetu cha Bunia, akamtumia shangazi yake. Dada yetu, ambaye macho yake hayapendi herufi ndogo, alisikiliza akiwa anafua.

Mambo mengine tuliyatengeneza wenyewe, na mengi hayakuhitaji simu ya bei. Tulishona namba mbili za simu katika pindo la kila kikwembe cha Mama. Tulimpiga picha moja, amevaa vizuri, uso wake ukionekana, tukaikabidhi kwa motari wawili wa kijiweni, kwa muuza duka, na kwa kiongozi wa jumuiya yetu ndogo, tukiwaeleza ugonjwa na tukiwaomba waitumie tu akipotea. Tulipatana juu ya bipu, ile simu inayokatwa kabla haijapokelewa na isiyolipiwa kitu. Bipu moja kutoka kwa dada yetu asubuhi ilisema: tumeamka salama. Bipu mbili zilisema: nimechoka, aje mtu. Bipu tatu: njooni sasa. Tulikubaliana kwamba anayeona bipu mbili haulizi kwa nini. Anavaa viatu.

Kundi la familia tulilipa sheria mpya. Kwanza, kila anayeandika aanze kwa kumwuliza aliye na Mama hali yake yeye. Pili, asiyeshika zamu asitoe lawama. Tatu, picha ya Mama akiwa hana heshima yake haipigwi, haitumwi, haihifadhiwi. Fedha za kutoka Ubelgiji tuliacha kuzitumia kwa dawa za bahati nasibu. Tulimlipa mwanamke mmoja wa mtaa akae na Mama siku ya Jumamosi nzima, ili dada yetu alale, asuke nywele, aende kwa rafiki zake. Mwalimu alichukua usiku mbili za juma. Aliye Kisangani alikuja akakaa majuma matatu. Siku ya nne alitoka nje usiku akalia karibu na tangi la maji, na tangu hapo hajawahi kuuliza tena kwa nini Mama amekonda.

Dada yetu alianza pia kurekodi kwa sauti mambo ya kila siku: saa ngapi Mama ametulia, saa ngapi amefadhaika, amekula nini, amekwenda haja namna gani. Yalikuwa maneno machache tu, kwa simu ndogo. Siku moja rekodi za siku tatu zilionyesha kwamba Mama halali kabisa na anaona watu ukutani, jambo ambalo halikuwapo juma lililotangulia. Tulimpeleka. Alikuwa na maambukizo ya njia ya mkojo. Alitibiwa, na watu wa ukutani wakaondoka. Zamani tungesema ugonjwa umezidi, na tungengoja.

Tusiwadanganye, vijana. Simu haimwogeshi mtu. Haina mikono ya kumgeuza kitandani. Mtandao hukatika, betri huisha, na paneli ya jua haifanyi kazi mvua inaponyesha siku nzima. Mega ni ghali kwa mjane. Tena kuna mambo ya simu ambayo hayakumfaa Mama hata kidogo. Tulipomwonyesha kitinda mimba wake katika simu ya video, alimtazama, akashtuka, akatuuliza ni nani aliyemfungia mtoto humo ndani. Aligeuza simu kutafuta mlango. Tuliacha video. Sauti peke yake ilikuwa bora, na bora kuliko sauti zetu zilikuwa nyimbo. Ndugu wa Kampala alimtafuta shangazi mmoja mzee aliyetoka Mahagi, akamrekodi akiimba nyimbo za Kialur za ujana wao, za kupalilia na za harusi. Mama, ambaye alikuwa amekwisha kupoteza majina yetu, aliziimba zote hadi mwisho bila kukosea neno. Aliimba akipiga makofi mapajani, na dada yetu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alicheza.

Na ile safari ya kila jioni? Zamani tulijibu: "Mama, hapa ndipo nyumbani." Tulisema kweli, naye akapigana nasi. Kitabu kilitufundisha kuacha kushindana. Sasa alipojifunga kikwembe tulisema: "Twende." Tulimshika mkono, tukatoka, tukazunguka nyumba tatu za jirani polepole, tukimwuliza: "Huko kwenu kuna miti gani? Maji mnachota wapi?" Akatusimulia. Tulijua habari za babu yetu ambazo hatukuwahi kuzisikia katika miaka yake ya akili timamu, kwa sababu wakati huo hatukuuliza. Tulipofika tena mlangoni kwetu, mara nyingi alisema: "Tumefika," akaingia, akaweka kikapu chini. Siku nyingine hakusema hivyo, tukazunguka tena.

Leo Mama bado yuko. Haombi tena kurudi Mahagi. Hatembei, na maneno yamebaki machache. Bipu ya asubuhi inaendelea, na sasa inatoka kwa yeyote aliye na zamu. Dada yetu amenenepa kidogo, na tunamtania kwa hilo.

Tumemfikiria mara nyingi yule kijana wa video. Hatujui jina lake, wala hatulitafuti. Huenda anasoma ukurasa huu, maana wengi wenu mnashika simu zinazofanana na yake. Hakumchukia Mama, hakumjua. Aliona kitu cha ajabu, kidole kikatangulia. Nasi wazee hatuna la kujisifu mbele yake, kwa sababu kabla ya jioni ile tulikwisha kupokea video za namna hiyo za mama wa watu wengine, na baadhi yetu tulizituma mbele.

Papa Fransisko aliweka mwaka 2021 Dominika ya nne ya Julai kuwa Siku ya Mababu na Wazee. Katika parokia zetu siku hiyo huwa na nyimbo na zawadi ya sabuni. Ni vizuri. Lakini Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu, kinakwenda mbali kuliko sabuni: kinamtaja waziwazi mzazi ambaye akili zake zimepungua, na kinamdai mtoto amvumilie na asimdharau hata wakati huo. Mwandishi wake aliishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ugonjwa huu alikuwa ameuona.

Ninyi mnajua kusoma lugha ambazo shangazi zenu hawazisomi. Mnajua kurekodi, kutafsiri, kutuma. Katika jumuiya zenu ndogo kuna walau nyumba moja ambamo mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, anamlinda mzee wa namna hii na hajalala vizuri tangu mwaka jana. Mumtafute. Msianze kwa kumwuliza habari za mgonjwa.

Kwa kutafakari katika kikundi:

Katika mtaa wetu, ni mzee gani anayesemwa vibaya, na ni nani kati yetu aliyewahi kuingia nyumbani kwake?

Juma hili, ni picha au video gani ya mtu asiyeweza kujitetea tuliyoipokea, na tuliifanya nini?

Tukigawana zamu, kikundi chetu kinaweza kumpa mtunzaji mmoja saa ngapi za kupumzika kwa mwezi? Tuandike siku, saa, na majina yetu, kabla hatujaagana.